Nimefunga giaboksi ya gia tano kwenye Land Rover 109, spidi imebaki ileile

Mwana Kitangari

Wakuu salaam. Niko nyumbani Kitangari, mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, na hasira zimeshapoa kiasi cha kuweza kusimulia bila kumtukana mtu.

Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, dizeli ile ya 2.25, niliyoachiwa na baba mdogo. Kwa wasioijua Newala: tuko juu ya uwanda wa Makonde, mto hakuna, maji yanafuatwa bondeni. Mwenye pikapu inayopanda mlima hakosi kazi. Napakia madramu manne ya lita 200. Msimu wa salfa, ile dawa ya mikorosho, napakia mifuko, korosho zikianguka napeleka magunia ghala la msingi. Kwenye mchanga na mlima gari hili halinidai. Linanidai kwenye lami. Nikishuka Mtwara, nikishaishika lami, gia ya nne nimeshaimaliza na injini inalia kama cherehani ya fundi wa sare wiki ya kufungua shule. Halafu gia ya pili ikaanza kutema. Kila mteremko utingo kazi yake kuushikilia mkono wa gia.

Mwaka jana nikasikia kuna mtu Mtwara mjini anavunja Land Rover 110 ya dizeli, chesisi imepinda. Nikanunua seti nzima: giaboksi ya gia tano ile LT77, transfa yake LT230 (boksi la nyuma yake linalopeleka nguvu mbele na nyuma, lenye gia kubwa na gia ndogo), nyumba ya klachi, nyumba ya flaiwili, propela zote mbili (shafti za kupeleka nguvu kwenye ekseli), mpaka spidomita na waya wake. Hela ya korosho ya msimu mzima ikaishia hapo.

Kuingia iliingia. Kwenye injini ilikaa kama imezaliwa nayo, tulibadilisha tu bushi ya nyuma ya krankishafti. Kazi ilikuwa chini. Giaboksi mpya na transfa yake ni ndefu kuliko ile ya zamani, na kile chuma cha chesisi kinachokatiza katikati kikawa kinagombana nayo. Tukakikata, tukachomelea kingine nyuma kidogo, hiki cha kufungwa kwa bolti ili siku ya kushusha giaboksi mtu asikate tena. Propela ya mbele ikarefushwa, ya nyuma ikafupishwa. Wiki tatu gari liko juu ya magogo.

Siku ya kuwasha, gereji nzima ilikuja kutazama. Nikaingiza moja, nikaachia klachi taratibu. Injini inanguruma, gari limetulia kama mbuyu. Nikaongeza mafuta, hakuna. Fundi akasema klachi hiyo imeungua, tushushe tena. Moyo ukaniruka. Yule kijana wa kuosha vyuma alikuwa amelala chini ya gari, akapiga kelele: "Bosi! Propela ya mbele inazunguka!" Ya nyuma imelala usingizi.

Habu zangu za mbele ni za fri-wili, za kufunga na kufungua kwa mkono, na zilikuwa wazi, yaani magurudumu ya mbele hayapokei nguvu. Kumbe dawa ni kusukuma ule mkono mdogo wa transfa upande wa pili, difloki (kufuli ya difu iliyo ndani ya transfa) ikashika, gari likaruka mbele nusura limkanyage mwenye gereji.

Sasa ndiyo naja kwenye aibu yenyewe. Wiki mbili nilikuwa mfalme. Gia ya tano, spidomita inasoma 100. Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la ukoo. Siku moja nampeleka shemeji Mtwara, kafungua ramani kwenye simu, akaniuliza, "Shem, mbona simu inasema 75?" Nikamwambia simu ya Kichina hiyo. Nikafungua ya kwangu. 75.

Nimerudi kulekule. Gia tano, injini inalia vilevile, na spidomita inanidanganya juu. Wataalamu, nimekosea wapi?

Chesisi Ndefu

Pole mkuu, ila nimecheka hapo kwenye kundi la ukoo.

Hukukosea kufunga. Ulikosea kuhesabu gia tano ukasahau kuhesabu vitu vilivyo baada ya giaboksi. Chukua kalamu.

Series III juu kabisa: gia ya nne ni moja kwa moja, 1.00. Transfa yako ya zamani upande wa juu ni 1.15. Difu zako, yaani gia za katikati ya ekseli, ni 4.7. Zidisha: 1.15 × 4.7 unapata 5.40. Maana yake injini inazunguka mara 5.4 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Sasa 110. Difu zake ni 3.54, nyepesi, kwa hiyo kiwanda kiliweka transfa nzito ya 1.41 kufidia. Wewe umechukua transfa nzito ya 110 ukaifungia juu ya difu nzito za 109. 1.41 × 4.7 ni 6.63. Gia ya tano ya LT77 za Defender ni 0.83. 6.63 × 0.83 ni 5.50.

Umeona? Gia yako ya tano leo ni nzito kidogo kuliko gia yako ya nne ya zamani. Kwa tairi za 7.50-16 ukiwa kilomita 80 kwa saa, zamani injini ilikuwa inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Sasa inakaribia 3,000. Umelipa hela ya korosho kuongeza kelele.

Na spidomita ni ugonjwa huohuo. Inasoma kutoka kwenye transfa, na imepangwa ikijua difu ni 3.54. Gawanya 4.7 kwa 3.54 unapata 1.33. Ikisema 100, gawa kwa 1.33, unapata 75. Simu ya Kichina iko sawa.

Mwana Kitangari

Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu nimekaa chini.

Utingo Mstaafu

Mimi nimepanda 109 tangu enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Masika tulikuwa tunatoka Mtwara hatujui Dar tutafika lini. Hakuna aliyelalamikia spidi, vijana. Ukifika 60 unamshukuru Mungu.

Ila kuna kitu hamjakisema. Mwanangu, umejaribu gia ndogo? Transfa yako ya zamani gia ndogo ilikuwa 2.35. Hiyo LT230 ni 3.32. Kwenye tope hiyo ni dawa.

Mwana Kitangari

Mzee wangu, hapo sibishi. Moja ya gia ndogo sasa gari linatembea kama kinyonga. Naweza kushuka, nikatembea pembeni yake nikiongea na utingo. Juzi nimepanda na madramu manne kutoka bondeni, sijagusa klachi mara moja.

Chesisi Ndefu

Na ndivyo inavyotakiwa. 3.58 × 3.32 × 4.7 inakaribia 56. Zamani moja ya gia ndogo ilikuwa kama 40. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta unatembea chini ya kilomita 2 kwa saa. Bibi mwenye mkongojo anakupita na salamu anakusalimia.

Mama Salfa

Nina 109 mbili Tandahimba, za kukodisha msimu wa kupulizia mikorosho, kwa hiyo msinione mwanamke mkadhani nimepotea njia.

Kaka, ushauri wangu: toa difu weka za 3.54. Hapo unapata kila kitu, spidi inakuja na spidomita inaanza kusema kweli. Difu ya mbele ya Range Rover ya zamani, ile yenye meno 10 kwenye ekseli, inaingia kwenye nyumba ya ekseli yako ya mbele bila kukata chochote. Mimi nimefanya.

Chesisi Ndefu

Dada, mbele sawa kabisa. Nyuma je? 109 ya Series III nyuma ina Salisbury, ile difu nene yenye kifuniko. Haitoki kama chungu jikoni. Ili uiweke 3.54 lazima ubadilishe krauni na pinioni (gia mbili kuu za difu) ndani kwa ndani, upange shimu, nyumba ipanuliwe kwa kifaa chake. Au uchukue ekseli nzima ya 110, ambayo ilikaa kwenye springi za koili, uichomelee vikalio vya springi za majani. Dada ulifanyaje?

Mama Salfa

Nilichukua ekseli nzima. Vikalio tulichomelea. Mara ya kwanza fundi alivichomelea vimeinama, pinioni ikaangalia juu kama twiga, krosi (kiungo cha kukunjia cha propela) ikafa ndani ya mwezi. Mara ya pili tulipima kwa timazi.

Bwana Mdogo wa Ligula

Mkuu mbona mnajipa shida? Si abadilishe ya nyuma peke yake? Habu za mbele si ziko wazi muda wote, ya mbele ibaki 4.7.

Chesisi Ndefu

Usimdanganye mwenzio. Siku atakayozama topeni usiku, atashuka afunge habu, difloki imeshashika, mbele inataka mwendo wake na nyuma inataka mwendo mwingine. Kitakachokatika hakichagui: ekseli, krosi, au jino la transfa. Mbele na nyuma lazima zilingane, basi.

Bwana Mdogo wa Ligula

Sawa mkuu, nimeuliza tu.

Utingo Mstaafu

Kuuliza si ujinga. Ila usiulize ukiwa chini ya gari la mtu.

Mwana Kitangari

Hapo kwenye habu naomba nieleweshwe vizuri. Kwa nini siku ile gari halikutembea? Na nikifunga habu nikaachia difloki, usukani unapiga kwenye kona kama una kigugumizi.

Chesisi Ndefu

LT230 ilitengenezwa kwa gari linalovuta magurudumu manne muda wote. Ndani yake kuna difu ya tatu, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Difu kazi yake kupeleka nguvu kwenye upinzani mdogo. Habu zako zikiwa wazi, propela ya mbele haina kazi, inazunguka bure, nguvu yote inakimbilia huko. Gurudumu la nyuma halipati kitu. Ukishafunga difloki, mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka pamoja, ndiyo gari linatembea.

Kupiga kwa usukani ni habari nyingine. Pale ekseli ya mbele inapokunjia kona, Series ina krosi ya kawaida. Krosi ikikunjwa haizunguki kwa mwendo mmoja, inaharakisha na kuchelewa kila duru. 110 wana jointi inayozunguka sawasawa hata ikikunjwa. Series haikuwa na shida kwa sababu mbele ilivuta porini tu, pale unapobonyeza kile kitufe cha njano. Kwa hiyo kwako wewe: lami, habu wazi na difloki imefungwa. Tope, funga habu. Wengi wanaendesha hivyo miaka na miaka. Wenye hela wanahamisha ekseli ya mbele nzima.

Mimi ushauri wangu ni tofauti na wa dada. Acha difu, badilisha transfa. LT230 ya Discovery kwa nje ni ileile, kwa ndani ni 1.22. Zidisha: 1.22 × 4.7 ni 5.73. Gia ya nne itakuwa nzito kidogo kuliko ya zamani, nzuri kwa mlima ukiwa na mzigo. Gia ya tano 5.73 × 0.83 unapata 4.76. Kilomita 80 injini itazunguka kama mara 2,580 badala ya 2,980. Gia ndogo inabaki ileile 3.32, kinyonga wako hafi. Chesisi hukati tena, propela haziguswi.

Ukifuata 3.54 ya dada ukabaki na transfa ya 1.41, utashuka mpaka kama 2,250. Inavutia kwenye karatasi. Ila injini yako ina nguvu farasi 62 ikiwa mpya. Ilikuwa mpya lini?

Mama Salfa

Hapo umenipata. Mimi zangu zina injini za Isuzu, ndiyo maana sikuona tatizo.

Mwana Kitangari

Dada ungesema mapema!

Mama Salfa

Hukuniuliza injini, umeniuliza difu 😂

Machinga wa Nachingwea

Swali la kizushi: kwa nini asitafute ovadraivu ya Fairey, kile kiboksi cha kuongezea gia ya mwendo? Ile inaingia nyuma ya transfa ya zamani, bila kukata chochote, inapunguza mizunguko kama asilimia 22.

Utingo Mstaafu

Itafute uipate. Mwaka 1988 niliiona moja Lindi kwa mzungu wa misheni, mpaka leo naiota. Na giaboksi ya Mwana Kitangari ilikuwa inatema gia ya pili, ovadraivu haiponyi kutema.

Chesisi Ndefu

Mwana Kitangari, kabla hujanunua transfa usimwamini muuzaji anayesema "hii ya Discovery". Ukiikuta mezani pima mwenyewe. Ingiza gia kubwa, funga difloki, la sivyo shafti moja itakuzungukia bure ukakosea hesabu. Weka alama ya chaki kwenye gia ya kuingilia na kwenye flenji ya nyuma, pale inapofungwa propela. Zungusha kuingilia duru 10 kamili. Flenji ikizunguka duru 7 na kachembe, hiyo ni 1.41, mwachie. Ikizunguka 8 na kidogo, hiyo ni 1.22, toa hela.

Na kitu kingine: giaboksi umeweka oili gani?

Mwana Kitangari

Fundi kaweka 90, kama ya difu.

Chesisi Ndefu

Mwaga leo. LT77 inakunywa oili nyepesi ya otomatiki, ile nyekundu. Transfa ndiyo inayokunywa 90. Asubuhi gia ya pili inakuwa ngumu kuingia, kweli si kweli?

Mwana Kitangari

Nilidhani ni baridi ya Newala.

Mwana Kitangari

Wakuu, nimerudi, wiki ya tano sasa.

Nilipata transfa tatu. Ya kwanza Masasi, muuzaji kaapa kwa mama yake ni ya Discovery. Nikatoa chaki mfukoni. Akaniangalia kama mganga anapiga ramli. Duru 10, flenji ikasimama saba na kachembe. Nikamwonyesha, akasema "basi itakuwa ya Discovery ya zamani". Nikamuaga vizuri. Ya pili ilikuwa na ufa kwenye nyumba. Ya tatu nimeipata Lindi mjini, uani kwa mtu, chini ya turubai pamoja na kuku. Nane na kidogo. Nikazungusha tena. Nane na kidogo. Kuku mmoja alikuwa anataga juu yake, tukasubiri amalize.

Tulipotenganisha transfa ya zamani na giaboksi nikaona jambo ambalo hamkunionya. Meno ya shafti kuu, pale yanapoingia kwenye gia ya transfa, yameanza kuliwa, yamekuwa membamba kama meno ya msumeno uliochoka, na unga mwekundu wa kutu umejaa.

Chesisi Ndefu

Samahani, ningekuonya. Huo ndio ugonjwa wa LT77 unaojulikana. Oili haifiki pale vizuri. Gia za kuingilia zilizokuja baadaye zina tundu la kupitisha oili. Yameliwa kiasi gani?

Mwana Kitangari

Kucha inanasa ukipitisha. Fundi wa kukereza vyuma hapa Mtwara akasema shafti bado ina maisha. Gia ya kuingilia ya hii transfa ya Lindi ina hilo tundu, kwa hiyo tumeifunga hivyohivyo, grisi nyingi, na nimeandika tarehe kwenye mlango kwa rangi. Mwakani nitafungua niangalie.

Propela ya nyuma nayo ilikuwa na tetemeko dogo nililolizoea. Kumbe siku ya kufupisha walichomelea masikio ya krosi mbili hayakulala usawa mmoja. Tumekata, tumepanga, tumechomelea upya. Tetemeko limekwisha. Miezi mitatu nimekuwa nalaumu tairi.

Sasa majibu. Juzi nimetoka Mtwara kwenda Mingoyo, sina mzigo, simu iko kwenye dashibodi kwa utepe. Kilomita 80, gia ya tano, na naongea na utingo bila kupiga kelele. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Bosi, kumbe hii gari ina redio?" Ina redio. Baba mdogo aliifunga, hatukuwahi kuisikia.

Kurudi nilipakia mabati na saruji. Kilima cha kutoka Mikindani gia ya tano ilikata tamaa mapema, nikarudi nne, ikapanda bila manung'uniko. Kwa hiyo tano ni ya tambarare. Sina tatizo na hilo.

Spidomita bado inadanganya, maana kipande chake nimehamisha kutoka transfa ile ya kwanza. Nimekaa na simu, nikaweka alama kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya mke wangu: moja kwenye 80, hiyo ndiyo 60 ya kweli, nyingine kwenye 106, hiyo ndiyo 80. Trafiki akichungulia ndani ataniuliza, nitamweleza.

Mama Salfa

Hongera kaka. Hiyo transfa ya 1.41 uliyotoa unaiuza? Nina gari ya tatu inakuja, difu zake tayari 3.54.

Mwana Kitangari

Ipo, iko chini ya kitanda. Ukija njoo na chaki yako, upime mwenyewe.

Utingo Mstaafu

Na mlete picha ya yule kuku.